Breki ya Diski katika Gurudumu la Nyuma la Baiskeli ya Injini

Baiskeli ya kawaida imeundwa kwa nguvu za miguu. Ifungwapo injini ndogo, kasi huongezeka, bali breki hubaki zile zile. Hatari huanzia hapo, kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Baiskeli na mwendeshaji wenye jumla ya kilo 100, wakienda kilometa 20 kwa saa, huwa na nishati ya jouli 1,540 hivi; wakifikia kilometa 40, huwa na jouli 6,170, yaani mara nne. Breki hulazimika kuigeuza nishati hiyo kuwa joto. Diski hufaa kwa kazi hii, mradi ifungwe ipasavyo.

Kwanza ni habu. Habu nyingi za diski zina upana wa milimita 135, na diski hushikwa kwa skrubu 6. Baiskeli nyingi za zamani zina nafasi ndogo kuliko hiyo. Kuipanua fremu kwa nguvu huipinda. Tena, mnyororo wa injini mara nyingi hupita kushoto, mahali pale pale pa diski. Basi habu ichaguliwe ambayo sproketi na diski hukaa pamoja bila kugusana wala kugusa fremu. Spoki nazo zipishane, kwani msokoto wa breki hupitia kwazo hadi kwenye rimu.

Pili ni kalipa. Tuseme tairi linazuiwa barabarani kwa kani ya nyutoni 200. Gurudumu lina nusukipenyo cha sentimita 33, na pedi hubana diski sentimita 7.2 kutoka katikati. Kwa kanuni ya wenzo, kani kwenye diski ni 200 × 33 ÷ 7.2, yaani nyutoni 917 hivi. Kani hiyo huivuta kalipa ifuate mzunguko wa gurudumu. Bomba jembamba likiibeba peke yake mahali pamoja, huweza kupasuka. Kwa hiyo bamba la kalipa lishikwe na ekseli, kisha mkono wake ufungwe mbali kwenye fremu: mkono wa sentimita 30 hubonyeza bomba kwa nyutoni 220 tu.

Mwisho, diski isiguswe na mafuta ya mnyororo, na majaribio yaanze kwa mwendo wa polepole. Breki ya mbele isiondolewe, kwani wakati wa kusimama uzito huhamia mbele, na gurudumu la nyuma huteleza upesi. Ubora wa breki hautokani na diski peke yake. Hutegemea pia uimara wa mahali iliposhikizwa.