Programu inayoganda ikiwa kazini

Swali: Programu ya JavaScript ikichambua faili kubwa, vitufe vyote vya ukurasa huacha kuitika. Je, kompyuta ni dhaifu?

Jibu: Kompyuta haina kosa. Katika kivinjari, JavaScript ya ukurasa na mibonyezo ya mtumiaji hupita kwenye uzi mmoja (thread) wa utekelezaji, na kazi iliyoushika uzi huo haipokonywi; ni lazima iuachie yenyewe. Ndivyo zilivyokuwa Windows 3.1 ya mwaka 1992 na Mac OS 9: programu moja ikikataa kupisha wenzake, mashine nzima iliganda.

Dawa ni kuikata kazi vipandevipande. Mistari 100,000 isichambuliwe kwa pumzi moja. Programu ifanye kazi kwa milisekunde 10 hivi, kisha ipishe kwa setTimeout ili kivinjari kipokee mibonyezo na kuchora skrini upya, ndipo iendelee. Kazi inayozidi milisekunde 50 huhesabiwa kuwa ndefu.

Wengi hukosea hapa: kuandika neno async pekee mbele ya funksheni hakusaidii, kwa sababu hesabu nzito iliyo ndani ya funksheni hiyo huuziba uzi vilevile. Hesabu isiyokatika ihamishiwe kwenye Web Worker, ambayo ina uzi wake.