Kidole gumba kiende juu au chini? Kuchagua sefti ya bastola ya kwanza

Wanafunzi wapya ninaowafundisha kulenga shabaha hapa Kenya, leseni ikiwa bado mpya mfukoni, huniuliza kama bastola waliyoipenda ina sefti. Mimi huwauliza maswali mawili. Ukitaka kufyatua, kidole gumba chako kinausukuma wenzo juu au chini? Na je, unaweza kutoa risasi kwenye chemba huku sefti ikiwa imefungwa? Majibu ya maswali hayo yana uzito kuliko jina lililochongwa ubavuni mwa bastola.

Tuanze na Ceska, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayoijua. CZ 75 ya kiwanda cha Uherský Brod ina wenzo wake kwenye fremu, upande wa kushoto. Ukiwa juu, imefungwa. Ukiwa chini, iko tayari. Colt ya 1911 iliyobuniwa na John Browning hufuata mwelekeo huohuo, nami naupenda sana, kwa sababu mkono ukishaishika bastola sawasawa, gumba hukaa lenyewe juu ya wenzo na kuushusha bila kupapasa. Anayetumia mkono wa kushoto atafute CZ 85, yenye wenzo pande zote mbili.

Lakini sefti ya CZ 75 hufungika tu nyundo ikiwa imekokiwa. Anayetaka kuibeba ikiwa na risasi kwenye chemba na nyundo ikiwa chini hana budi kuizuia nyundo kwa vidole, kubonyeza triga, kisha kuiteremsha taratibu juu ya risasi hai. Nyundo ikimponyoka huku triga bado imebonyezwa, bastola inalia. Kitendo hicho simruhusu mwanafunzi mpya akijaribu hata mbele yangu. Toleo la CZ 75 BD liliondoa hatari hiyo kwa kuweka wenzo unaoshusha nyundo bila kugusa triga. Hapohapo sefti ya mkono ikaondoka, na kinachobaki ni triga ndefu na nzito ya risasi ya kwanza. Muuzaji asipokueleza tofauti hiyo, muulize.

Beretta 92FS imepangwa kinyume. Wenzo uko kwenye slaidi. Ukiushusha, unafunga na nyundo inateremka salama. Ukiuinua, uko tayari kufyatua. Faida yake ni kubwa: unaweza kuvuta slaidi na kupakua risasi huku sefti ikiwa imefungwa. Hasara yake ni kwamba gumba lazima lipande, jambo gumu kwa mkono mdogo. Isitoshe, anayevuta slaidi kwa kuikamata kutoka juu anaweza kuufunga wenzo bila kujua, kisha akabonyeza triga na kusikia kimya. Makarov nayo ina wenzo kwenye slaidi, ila juu ni kufunga na chini ni kufyatua. Mtu akizoea moja kisha akashika nyingine, gumba lake litakwenda upande usiotakiwa.

Colt ya 1911 ikifungwa sefti, slaidi nayo hufungwa. Kwa hiyo ukitaka kupakua, lazima kwanza uifungue, wakati mgeni anahitaji kinga zaidi. Mwenye uzoefu hataona shida; kwa anayeanza, naihesabu kuwa dosari.

Glock ya kawaida haina wenzo wa sefti. Ina ulimi kwenye triga na vizuizi viwili vya ndani, na vyote huachia kidole kinapobonyeza. Ni bastola nzuri, lakini anayeichagua ajue kwamba kidole chake na mfuko unaoifunika triga ndivyo vinavyomlinda.

Ukinitaka nichague muundo mmoja kwa anayeanza, nitachagua wenzo wa kwenye fremu, pande zote mbili, unaoshuka ili kufyatua, na unaoruhusu slaidi kuvutwa ukiwa umefungwa. M17 ya SIG Sauer, iliyochaguliwa na Jeshi la Marekani mwaka 2017, ina yote hayo.

Kabla ya kulipa, omba ruhusa uijaribu ikiwa tupu. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kikiwa nje ya triga. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi; ukitangulia slaidi, magazini itaingiza risasi nyingine. Tazama chemba, kisha iguse kwa ncha ya kidole. Sasa ishike kama unayelenga shabaha, ufunge na kufungua sefti bila kuzungusha mpini kiganjani. Ukilazimika kubadilisha mshiko, irudishe na uombe nyingine. Rudia kwa mkono wa pili, macho yakiwa yamefumbwa.

Nyumbani endelea na zoezi hilo, risasi zote zikiwa chumba kingine: inua, fungua, lenga, funga, shusha. Ukija kununua bastola ya pili, chagua yenye wenzo unaokwenda upande uleule.