Dondoo muhimu: Usiiache Fizikia kwa kufuata mkumbo

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania, mwanafunzi akiingia Kidato cha Tatu anaweza kuacha Fizikia na Kemia. Wengi huamua kwa kuangalia marafiki wameelekea wapi, ilhali uamuzi huo ni mzito: asiye na Fizikia kwenye cheti cha Kidato cha Nne hasomi mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wala PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na hata stashahada ya utabibu hudai ufaulu wa somo hilo.

Wapo wanaohofia kuharibiwa daraja. Hofu hiyo inaeleweka, ila daraja hukokotolewa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Fizikia ikikushinda, hasara kubwa ni muda iliokula. Kwa hiyo, kabla ya kuamua, fungua karatasi zako za mitihani ya shule uone alama zilipotelea wapi. Ukikuta kanuni umeiandika sawasawa lakini umesahau kubadili gramu kuwa kilogramu, hilo linarekebishika kwa mazoezi. Shuleni hakuna mwalimu? Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bure. Aliyekwisha kupima na kuchagua sheria au uhasibu, aiache Fizikia bila wasiwasi.