Kibaka Akikwapua Mkoba Gare du Midi

Gare du Midi, Brussels, ndipo zinapopita treni za Eurostar za London, Paris na Amsterdam. Msafiri mwenye masanduku matatu na simu mkononi ni windo jepesi la vibaka.

Mkoba umekwapuliwa. Mwenyewe aweza kumpiga mwizi?

Hapana. Kifungu cha 416 cha kanuni ya jinai ya Ubelgiji ya mwaka 1867 kilijenga haki ya kujihami juu ya uhai na mwili wa mtu, awe mhusika au mwenzake. Mali peke yake haimo. Mtanzania atashangaa, maana kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu ya kwao kinataja mali waziwazi. Lakini kibaka akichomoa kisu, kinachotishiwa sasa ni mtu.

Basi aachwe aende zake?

La. Sheria ya 20 Julai 1990 inamtambua raia anayemzuia mhalifu aliyefumaniwa, mradi awaarifu polisi papo hapo. Kumshushia kipigo kama wale "wananchi wenye hasira kali" wa magazeti ya kwetu ni jinai, na aliyeibiwa anaweza kugeuka mshtakiwa.

Na dawa ya pilipili ya kupuliza?

Marufuku. Sheria ya silaha ya 8 Juni 2006 inakataza hata kuwa nayo mkobani.

Ni lini, basi, nguvu inaruhusiwa?

Tarehe 21 Agosti 2015, Ayoub El Khazzani alipanda treni ya Thalys ya Paris hapa hapa Midi, na bunduki ya rashasha ndani ya begi. Treni ilikuwa imeshaingia Ufaransa alipoanza shambulio. Abiria Mark Moogalian alimpokonya bunduki, akapigwa risasi. Abiria mwingine, Spencer Stone, akamrukia mshambuliaji na kumkaba shingo huku akikatwa kwa kisu. Alek Skarlatos, Anthony Sadler na Chris Norman wakasaidia. Hatari ilikuwepo, haikuwa na haki, na polisi hawakuwepo. Alipozimia wakamfunga mikono na miguu, kisha wakahangaikia majeruhi. Hapo ndipo haki ya kupiga inapokoma, na ndipo wengi wetu hukosea. Ufaransa iliwatunuku nishani. El Khazzani alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2020.

Sheria ya Ufaransa ni ile ile?

Si yote. Kifungu cha 122-5 kinaruhusu kulinda mali pia, ila si kwa kuua kwa makusudi.

Msomaji unayepitia Midi, mkoba ukienda, piga 101. Ndiyo namba ya polisi Ubelgiji.