Mizimu Inayochekesha: Somo la Kitaro na Njabala

Somo langu safari hii ni juu ya hadithi za mizimu zinazochekesha. Najua wako watakaouliza, "Je, mzimu wachekesha? Mzimu si kitu cha kutisha tu?" Nami nawajibu kwamba kuogofya na kuchekesha ni ndugu wa tumbo moja, na msimulizi hodari huwajua wote wawili.

Kwanza yafaa tujue maana ya maneno mawili. Manga ni hadithi ya Kijapani iliyochorwa katika visanduku vya picha, mara nyingi pamoja na maneno. Nayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama tusomavyo Kiarabu. Anime ni picha zilizotiwa mwendo na sauti, zikaonyeshwa katika televisheni au senema. Mara nyingi manga hutangulia, na ikipendwa na watu ndipo anime hufuata.

Mfano wetu ni GeGeGe no Kitaro, kazi ya Mizuki Shigeru. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1922, akakulia katika mji wa pwani uitwao Sakaiminato. Alipokuwa mtoto, bibi mmoja mzee aliyeitwa Nonnonba alimsimulia habari za yokai, yaani mizimu na vioja vya Kijapani. Katika vita kuu ya pili alipelekwa Rabaul akiwa askari, na huko mabomu yakampotezea mkono wa kushoto. Vita vilipokwisha alirudi kwao maskini, akashika kazi ya kuchora kwa mkono mmoja uliobaki. Kitaro alikuwa hadithi ya kusimuliwa barabarani tangu miaka ya 1930. Mizuki akaichukua, akaitengeneza upya, na mwaka 1960 akaanza kuitoa katika vitabu vya manga. Anime yake ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Januari 1968, na baada ya hapo imetengenezwa upya mara kadhaa, hata mwaka 2018. Mizuki alifariki mwaka 2015.

Kitaro ni mtoto wa kabila la mizimu, aliyezaliwa kaburini. Ana jicho moja, na viatu vyake vya mti huruka vikampiga adui kisha vikarudi miguuni. Baba yake alikufa kwa maradhi, mwili ukaoza, lakini kwa kumpenda mwanawe jicho lake moja likakataa kufa. Likaota mikono na miguu, na mpaka leo jicho hilo ndilo linalomshauri kijana. Habari hii ni ya kuhuzunisha na kutisha. Lakini ghafula twaona jicho hilo limeketi ndani ya bakuli la maji ya moto, linaoga kwa raha kama mzee aliyetoka shamba! Hapo ndipo mtu hushindwa kujizuia.

Mimi niliitazama anime hii wakati wa likizo katika kibanda kimoja cha video huko Wandegeya. Wasioujua mtaa huo nawaambia kwamba uko chini ya kilima cha Makerere, na jina lake latokana na ndegeya, ndege wanaosuka viota. Siku hizi makelele ya ndege yameshindwa na ya pikipiki na wauza rolex. Kibandani haikuwa lazima kujua Kijapani, kwa kuwa palikuwa na mfasiri, mmoja wa hao waitwao VJ, ambao hutia Kiganda juu ya senema za kigeni. Yule baba-jicho alimwita Jjajja, na alipomwona bakulini alisema, "Jjajja anaogea kikombeni kwa sababu maji ya mtaa wetu yamekatwa tena!" Yuko pia katika hadithi hii Nezumi-otoko, nusu mtu na nusu yokai, mchafu asiyeoga, mwenye tamaa ya fedha, ambaye humuuza rafiki yake leo na kesho akaja kumwomba chakula. Huyo mfasiri alimtambulisha kwa maneno machache tu: "Dalali wa viwanja." Kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko, maana hapakuwa na mtu asiyemjua dalali wa namna hiyo.

Mwenzangu wa darasani aniambia kwamba mfasiri wa namna hii aharibu kazi ya wenyewe. Mimi sikubaliani naye, na hoja yangu yatoka Japani kwenyewe. Zamani, senema zilipokuwa bado bubu, Wajapani walikuwa na mtu aitwaye benshi, aliyesimama kando ya pazia akieleza mambo na kuigiza sauti za watu. Kisha palikuwa na kamishibai: mtu huja na baiskeli yenye sanduku la picha, huwauzia watoto peremende, halafu huzibadili picha moja moja huku akisimulia. Mizuki mwenyewe alichora picha za kamishibai kabla ya kuandika manga, na Kitaro alitokea katika kamishibai. Basi mfasiri wa Wandegeya hakuvamia nyumba ya wenyewe. Ameingia kwa mlango uleule uliotoka hadithi. Tanzania nako walimjua Lufufu, aliyefasiri senema kwa Kiswahili, na Kenya wanaye DJ Afro. Hata hivyo nakiri kwamba mwenzangu ana haki kidogo: pale ambapo hadithi yataka tunyamaze, mfasiri mwema naye yampasa anyamaze.

Sasa tutazame ufundi wenyewe. Nimeona njia tatu za kuufanya mzimu uchekeshe.

Kwanza, mzimu hupewa haja ndogo za kibinadamu. Jicho lataka kuoga. Mwingine ana njaa. Mwingine aona wivu.

Pili, hofu hutangulia na kicheko hufuata. Pasipo giza la kwanza, taa haina faida. Msimulizi anayechekesha tangu mwanzo hachekeshi mpaka mwisho.

Tatu, mwanadamu huonyeshwa kuwa mbaya au mpumbavu kuliko mzimu. Mara nyingi yokai huamka kwa sababu mtu mwenye tamaa amekata msitu au amevunja mwiko, naye Kitaro huitwa kuyapatanisha mambo.

Je, sisi hatuna hadithi za namna hii? Tunazo! Wengi wa Buganda waijua ngano ya Njabala, binti aliyedekezwa na wazazi wake asifunzwe hata kushika jembe. Wazazi wakafa, binti akaolewa, mume akamtaka alime. Njabala akakaa shambani akilia na kumwita mama yake. Mzimu wa mama ukaja, ukashika jembe, ukalima huku ukimfundisha kwa wimbo jinsi mwanamke alimavyo. Siku nyingi mambo yakaenda hivyo, mpaka mume akajificha akaona nani hasa anayemlimia. Zipimeni njia zetu tatu hapa. Mzimu umefanywa kibarua. Giza la kifo limetangulia. Na mpumbavu ni mtu aliye hai, si mzimu. Chini ya kicheko hicho mna huzuni ya mama ambaye hata kaburini hapumziki, kwa kuwa alisahau kumfundisha mwanawe.

Wako wanaosema kwamba habari za mizimu hazifai katika shule ya misheni. Nawaheshimu, lakini kusimulia si kuabudu. Tena nimewaona wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakiogopa kutoka nje usiku kwa sababu wakubwa wamewatia hofu. Mtoto aliyewahi kumcheka baba-jicho bakulini hatishwi upesi na kivuli cha mgomba.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi ni hili. Nonnonba alikuwa bibi mzee, asiye na cheo wala utajiri. Kama Mizuki asingalimsikiliza, maneno yake yangalizikwa pamoja naye, na wala mimi nisingalicheka Wandegeya. Nasi tunao akina Nonnonba wetu, na kila mwaka twawazika. Vijana wa leo wanamjua Kitaro. Wangapi wanaweza kumsimulia Njabala mpaka mwisho?

Basi, ndugu zangu, likizo ijayo kila mmoja amwendee mzee wake, aombe ngano moja ya mzimu, aiandike kwa Kiswahili safi, na mwenye mkono wa kuchora aichore visanduku sita. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ngano nazo ni mali.