Fungu la kumi la mama wa mchicha

Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, na kanisani nafundisha kikundi cha akina mama. Mchungaji amenipa somo la fungu la kumi kwa wiki nne mfululizo, kwa kuwa makusanyo yameshuka. Kinachonikwaza ni kwamba kila mwisho wa mwezi majina husomwa mbele ya ibada: fulani katoa kiasi hiki, fulani hajatoa. Mwezi uliopita lilisomwa jina la mjane anayeuza mchicha, likafuatiwa na neno "sifuri". Tangu siku hiyo hajaonekana. Wenzangu wanasema Malaki alishamaliza: asiyetoa anamwibia Mungu. Wengine wananong'ona kuwa hiyo ni sheria ya Wayahudi, haituhusu. Je, nifundishe au nimrudishie mchungaji somo lake?

Fundi, Morogoro

*

Mwanangu,

Fundisha. Mimi mwenyewe bahasha yangu ya fungu la kumi naitoa kila mwezi, kwa hiyo usinidhanie mpinzani. Ila lifundishe lote, maana huko kwenu naona limefundishwa nusu.

Wenzako wakishika Malaki sura ya 3, waombe waanzie mstari wa 5. Kabla hajafika kwenye agizo la kuleta fungu la kumi ghalani, nabii anawakemea wanaopunja ujira wa kibarua na kuwaonea wajane na yatima. Kisha wafungulie Kumbukumbu la Torati sura ya 14, mwishoni. Kila mwaka wa tatu fungu la kumi la mavuno lilibaki mjini, likaliwa na Mlawi asiye na urithi, mgeni, yatima na mjane. Mama wa mchicha, basi, yuko upande wa wanaopakuliwa, nanyi mmemsomea sifuri.

Wanaonong'ona nao wana hoja. Torati ilidai nafaka, divai, mafuta na mifugo, na Paulo alipowaandikia Wakorintho alitaka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila kushurutishwa, wala hakutaja asilimia. Lakini Yesu alipowakaripia Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa na bizari huku wakiacha haki na rehema, hakuwaambia waache kutoa zaka. Na umeme wa kanisa haulipwi kwa mapambio. Kumi kwa mia ni kipimo kizuri cha kumfunza mtu kutoa. Kikigeuzwa ushuru, kinafukuza watu.

Siku ya kwanza nenda na kalamu, mpige hesabu pamoja. Wengi hudhani fungu hutolewa kwenye mauzo. Chukua mfano wa mama aliyenunua mboga za 30,000, akauza 40,000, nauli na ushuru wa soko vikala 3,000. Kilicho chake ni 7,000, na fungu lake ni 700. Akitoa 4,000 kwa kuogopa laana, atabakiwa na 3,000 za kulisha nyumba, na kesho atakula mtaji.

Kabla ya hapo, mwone mchungaji faraghani, kwa adabu, ukiwa na mzee wa kanisa mmoja anayesikilizwa. Ombeni majina yaache kusomwa, na mahali pake yasomwe mapato na matumizi. Makusanyo kushuka si jambo jipya. Nehemia, sura ya 13, aliwakuta Walawi wamerudi mashambani kwao kwa kukosa posho. Aliwakaripia viongozi kwanza, watu wakaleta zaka, kisha akaweka watunza hazina wanaoaminika. Mchungaji akikataa yote mawili, hapo mrudishie somo lake, bila ugomvi.

Na kabla ya Jumapili, pita sokoni kwa yule mama. Nunua mchicha, lipa bei yake, usidai nyongeza. Habari za bahasha usizitaje kabisa.

Shangazi