Mla-Mwani ni Nani? Uteuzi wa Wanyama wa Tangi la Samaki Thika na Ruiru

Jina "mla-mwani" limewapotosha wafugaji wengi wa samaki wa mapambo. Kimuundo halina tofauti na "mla nyama", na msikilizaji huchukulia kwamba mwenye jina hula kitu hicho maisha yake yote. Madukani, hata hivyo, jina hili hubandikwa samaki, konokono na uduvi wasio na nasaba moja, na baadhi yao huuacha mwani pindi wakomaapo. Makala haya yanashikilia kwamba jina si ushahidi. Anayefuga samaki Thika au Ruiru hana budi kuuliza mnyama atakula nini akiwa mkubwa, na ataenda wapi tangi likimshinda.

Neno "mwani" nalo lahitaji ufafanuzi. Pwani na Unguja, mwani ni zao la baharini linalolimwa na kuanikwa. Hapa tunalitumia kwa utando wa kijani au wa hudhurungi unaoshika kioo na mawe katika maji baridi. Wapo wanaouita kuvu, na hilo si sahihi, kwa kuwa kuvu haihitaji mwanga ilhali mwani hauishi bila mwanga. Tofauti hii si ya kamusi tu. Thika iko takribani digrii 1 kusini mwa ikweta. Mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, na tangi lililowekwa dirishani halipati msimu wa nafuu. Tena mwani hustawi kwa kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Anayeongeza samaki wa kuula mwani ameongeza pia kinyesi cha kuulisha. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuliondoa tangi dirishani, kupunguza chakula, na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, baada ya kuyaondolea klorini maji ya mfereji.

Baada ya hapo ndipo mnyama huchaguliwa, na huchaguliwa kulingana na mwani uliopo. Vumbi la hudhurungi la tangi jipya huliwa na wengi. Maji yaliyogeuka kijani kibichi hayasafishwi na samaki yeyote anayekwangua kioo, kwa kuwa mwani huo huelea. Ule utando wa buluu-kijani unaonuka na kubanduka kama ngozi si mwani hasa bali ni bakteria, na karibu kila mnyama huususia.

Mfano bayana wa jina linalodanganya ni Gyrinocheilus aymonieri, anayeuzwa kama mla-mwani wa Kichina ingawa asili yake hasa ni mito ya Thailand, Laos na Kambodia. Akiwa mdogo hukwangua kioo kwa bidii. Akikua, na huweza kufikia sentimita 25, huwa mgomvi na huwaganda wenzake wenye ubavu mpana akifyonza ute wa ngozi yao. Pleko wa kawaida kutoka Amerika Kusini huuzwa akiwa na urefu wa kidole, kisha hupita sentimita 40. Tangi la lita 60 kwake ni jela. Afadhali Ancistrus, jamaa yake mwenye ndevu, asiyezidi sana sentimita 15. Otocinclus ni mdogo zaidi na mpole, lakini hufa njaa katika tangi jipya lisilo na utando wa kutosha.

Nchi yetu pia ina walaji wake. Garra dembeensis hung'ang'ania mawe penye maji yaendayo kasi na kukwangua mwani. Hata hivyo, huhitaji mkondo na hewa nyingi, na umeme ukikatika pampu husimama. Perege hula mwani, lakini hufukua changarawe na kung'oa mimea, hivyo tangi la mapambo si mahali pake.

Hatari kubwa zaidi ni konokono wa bure wa mtoni. Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa kama kamba, hubeba vimelea vya kichocho cha matumbo. Akiwa ameambukizwa, hutoa viluwiluwi vya kimelea ndani ya maji, navyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi. Watoto ndio hupenda kuchezea maji hayo. Konokono wa mtoni aachwe huko huko.

Mnyama aliyelishinda tangi naye asitupwe mtoni. Thika na Ruiru zimeachana kwa kilomita zipatazo 20, lakini maji yao huelekea pande mbili: Chania na Thika huingia Tana na mabwawa yake ya umeme, ilhali mto Ruiru huingia Athi, unaofika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Kambamto wa Marekani aliingizwa Naivasha mwaka 1970 na hakuondoka tena. Konokono-tufaha, jamii ya konokono ambao pia hufugwa matangini, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea mwaka 2020. Huko Florida na Texas, pleko waliotoroka au kutupwa huchimba mashimo ya kuzalia yanayobomoa kingo.

Kwa sababu hiyo, uteuzi wangu ungekuwa uduvi Caridina multidentata, aliyepata umaarufu kwa juhudi za Takashi Amano wa Japani. Hula mwani wa nyuzi, hustahimili ubaridi wa Julai katika miji hii iliyo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mabuu wake hawakui bila maji ya chumvichumvi, kwa hiyo hawezi kujaza tangi wala mto. Asiwekwe na samaki wakubwa, watamla. Asipopatikana, Ancistrus mmoja atatosha, akiwekewa kipande cha gogo la kutafuna na kifaa cha kupasha maji joto, na muuzaji aulizwe kabla ya malipo iwapo atakubali kumpokea tena.